Jina Lililonitangulia Dar es Salaam

Rafiki zangu wa karakana ya Nachingwea, kila nikipita kwenu mnaniuliza yaliyonipata, na kila mara naanzia katikati na kuishia pembeni. Basi nimekaa nikaandika yote, kituo kwa kituo. Habari za vibali na nauli nimeziacha, maana hakuna kati yenu asiyewahi kusimama mbele ya dirisha la karani. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asirukeruke.

NANDAGALA MPAKA NACHINGWEA

Mazikoni kwa baba mlikuja, mkalibeba jeneza, mkala, mkarudi kazini. Yaliyofuata hamkuyaona, na ndiyo yaliyonisafirisha.

Katika ukoo wetu mtu akifa jina lake linanyamaza. Halitamkwi na yeyote mpaka apatikane wa kulirithi, na huyo si mtoto wa marehemu, ni mtoto wa dada yake. Siku mpwa anapokubali, wazee humpaka unga wa mtama kwenye paji la uso, humwita kwa jina lile, naye huitika. Hapo ndipo mjane anaponyolewa nywele za msiba na kutoka nje kwenda shambani kwake. Mimi niliyezaliwa na baba, niliyelima naye na kumshika akifa, sikuhesabika katika jambo hilo. Nilifundishwa hivyo tangu jandoni, na bado iliniuma. Nanyi mtaona kwamba hata kalamu hii hailiandiki jina lake mpaka tufike mahali pake.

Shehe alikuja akasema, "Eda imekwisha. Mama yenu ni huru."

Baba mdogo Bakari, mdogo wake marehemu, ambaye ana jina lake alilorithi zamani na hawezi kubeba la pili, alimjibu kwa adabu, "Ya dini imekwisha, Shehe. Ya ukoo bado."

Mama alibaki ndani. Mlango wa nyumba ile mnaujua, maana mbao zake mlinisaidia kuzibeba. Ni za sanduku la trekta, za wakati ule Wazungu walipokuja kung'oa misitu yetu tupande karanga ili watu wa London wapate mafuta ya kukaangia. Mradi ulikufa, trekta zikaota kutu, mlango ukabaki. Ubao wenye neno LONDON niliupigilia juu chini, kwa sababu ulikaa vizuri zaidi hivyo, na mimi ni seremala, si msomi. Nyuma ya ubao huo mama alikaa akisikiliza majirani wakienda kusafisha mashamba.

Mpwa aliyetakiwa ni Issa, binamu yangu, mtoto wa shangazi. Baba yake, Myao mmoja mpita njia, aliondoka Issa akiwa mgongoni, na shangazi akafariki baadaye. Baba yangu ndiye aliyemlea, akampeleka jandoni, akampa jembe la kwanza. Mimi na yeye tulitaniana kama binamu wanavyotaniana, hata kwenye misiba. Kisha alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi na hakurudi hata mara moja. Habari ya jina haitumwi kwa karatasi wala kwa mdomo wa mtu baki, kwa hiyo nilitumwa mimi.

Mama alisema nami kupitia ufa wa mlango. "Mlete kabla ya mvua. Nikikosa kupanda mwaka huu, mwakani mtanilisha kwa mkono, na mimi sijazoea."

Nilitembea hadi Ruangwa, nikapata lori la korosho. Dereva alisema tunakwenda Nachingwea moja kwa moja, kisha akazungukia Mtua kuchukua magunia mengine, na huko akakaribishwa chakula na mke wa mwenye magunia. Alikula kama mtu asiye na abiria. Nilikaa juu ya magunia nikiangalia mawingu upande wa mashariki. Yalikuwa madogo bado, lakini sikuyapenda.

GARIMOSHI

Garimoshi la kwenda Mtwara lilisimama porini kabla ya kufika nusu ya njia. Injini iliishiwa maji, wakatuambia tungoje. Watu walishuka, wakawasha moto kandokando ya reli, na jua likapanda likaanza kushuka tukiwa pale pale.

Aliyeketi karibu nami alikuwa bibi wa Kimakonde mwenye ndonya mdomoni na kikapu cha mihogo ya kuchoma. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini roho yake ilikuwa kubwa. Alinipa muhogo kabla sijaomba. Aliponiona nimenyolewa, akauliza nimefiwa na nani.

"Baba," nikasema.

"Pole, mjukuu. Jina lake nani, nimuombee?"

Nikanyamaza. Aliuliza tena, nikaangalia chini. Bibi akakivuta kikapu upande wake, akanigeuzia mgongo. Alidhani nimemdharau kwa sababu ya ndonya yake, nimemwona mshamba asiyestahili kumtaja baba yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikazunguka nikakaa mbele yake, nikamweleza taratibu habari ya jina na mama aliyefungiwa.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha kikapu kikarudi katikati yetu.

"Na huko Darisalama unakokwenda," akasema, "watu wa huko wanajua kwamba hilo jina limelala?"

Nilimwambia hawajui, na haiwahusu. Bibi aliendelea kutafuna, na swali lake nikalisahau mpaka lilipokuja kunishika mwenyewe.

MELINI

Mtwara nilingoja meli, na meli nayo ilingoja shehena. Nilipopanda nilikaa sitahani, na bahari ilipoanza kucheza nilitapika muhogo wote wa yule bibi. Sisemi zaidi kuhusu bahari. Ni kubwa mno na haina mahali pa kushika.

Mpishi wa meli, Mngazija mtu mzima, alinionea huruma akaniletea wali mkavu na achari ya limau. Alikuwa amefika Bombei, Marsei na London. Nikamwuliza London ikoje, maana neno lenyewe nilikuwa nalitazama kila siku mlangoni kwetu.

"Baridi," akasema. "Moshi. Wanakula samaki wa kukaanga, wamefungwa ndani ya gazeti."

"Na karanga zetu za Nachingwea, zilifika huko?"

Alifikiri vizuri. "Mimi sikuziona."

Misitu ile babu zangu walizika watu wao ndani yake, na nyuki wetu walikuwa humo. Watu tusiowajua walihitaji mafuta, wakaketi kwenye meza yao, na sisi tukaamka tukakuta minyororo ya chuma inaburuza miti. Sikuwa na hasira na mpishi. Yeye alikuwa ameleta wali tu.

KARIAKOO

Nilipanga chumba kwa Bi Zena, mjane wa Kimanyema, ambaye nyumba yake ilijaa watu wa kila upande. Mnyasa alilala kitanda cha kulia kwangu, Mngoni kushoto, na varandani Mwarabu alikuwa akikarabati viatu. Kanga ya Bi Zena ilichapwa Japani, alinionyesha mwenyewe upindo wake, na maneno yake yalikuwa ya Kiswahili sawasawa. Nyumba ya pili walikuwa na gramafoni. Santuri waliyoipenda iliimbwa kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeielewa, na wote waliimba nayo, hata watoto, kila neno mahali pake.

Siku moja, Ilala, nilisikia ngoma yetu. Nilikimbia kama mwehu. Nikakuta vijana wa Kimwera kweli, wanapiga mdundo wa kwetu, lakini ngoma mojawapo ni pipa la mafuta na anayeongoza anapuliza tarumbeta. Nilisimama pembeni nimekasirika, kisha miguu ikaanza kucheza yenyewe, na hilo likanikasirisha zaidi.

Nikawauliza habari za Issa wa Nandagala. Hawamjui. Niliuliza msikitini, sokoni, kwenye vilabu vya kahawa. Ma-Issa walikuwa wengi, wa Kilwa, wa Mafia, hata mmoja wa Uganda. Wangu hakuwapo.

"Jina lake la pili?" kila mtu aliniuliza.

Sikujua kama ana jina la pili. Kwetu Issa alikuwa Issa.

Bi Zena alinikaripia nikinywa uji. "Mwanangu, hapa mjini mtu mwenye jina moja ni mtoto mchanga. Sema la mzee wake."

"Baba yake hatumjui."

"Aliyemlea?"

Nikaweka bakuli chini. Aliyemlea ni baba yangu, na jina lake limelala. Bi Zena aliningojea, kisha akaguna.

"Unamtafuta mtu na mdomo umeufunga mwenyewe. Nenda bandarini kesho. Watu wa kwenu wengi wako huko. Usipoweza kusema, angalia sura."

LANGONI MWA BANDARI

Nilikaa karibu na lango kuu, kwa mama mmoja muuza chai na maandazi. Malori yaliingia na magunia. Mengine nilijua yametoka wapi hata kabla ya kuyakaribia, kwa harufu ya korosho mbichi. Korosho za kwetu zinapelekwa Bara Hindi kubanguliwa. Nadhani nyingine nilisafiri nazo kutoka Mtua, mimi nikiwa juu na zenyewe chini yangu, na sasa zilikuwa zinanipita kwenda mbali kuliko nitakavyofika mimi.

Filimbi ililia, makuli wakaanza kutoka. Niliangalia sura moja moja. Ndipo nyapara mmoja, aliyesimama juu ya ngazi, akaita kwa sauti ya kazi.

"Mchopa! Mchopa, rudi kidogo!"

Rafiki zangu, hilo ndilo jina la baba yangu.

Tangu tulipomfukia sikuwa nimelisikia. Mama hakulisema, baba mdogo hakulisema, majirani walizunguka maneno ili wasiliguse. Na sasa mtu asiyetujua alilitupa hewani kati ya winchi na honi za malori, na katikati ya watu wale mtu mmoja akageuka.

"Naam," akaitika.

Mabega yalikuwa ya baba. Ule mguu wa kulia uliochelewa kidogo ulikuwa wa baba. Niliketi chini mchangani. Yule mama wa chai alidhani nimeshikwa na kifafa, akanimwagia maji kichwani.

Watu walizunguka, na mtu yule akaja kuangalia. Alikuwa Issa. Alinitambua, akacheka kwa sauti kubwa.

"Binamu! Umenyimwa mke huko kwenu mpaka unifuate huku? Na maji haya vipi, umeoga na nguo?"

Binamu akikutania unamrudishia, hata ukiwa na homa. Mimi nilimtazama tu. Niliona kicheko kikimtoka usoni polepole. Hakuna binamu wa kwetu anayeacha utani upite hivi hivi, ila aliyebeba msiba.

"Ni yeye?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Issa hakulia. Alisema neno ambalo sikulielewa wakati ule. "Basi nimemuua."

Alinieleza jioni kwa Bi Zena, tukiwa na sahani ya wali ambayo hakuna aliyeigusa. Siku alipoajiriwa karani alimwuliza jina lake na la mzee wake. Mtu wa kabila jingine angetaja aliyemzaa, au angebuni. Kwa mtoto wa kwetu mzee ni mjomba, ndivyo alivyolelewa kuamini. Akasema Issa Mchopa. Kwenye kikundi chao walikuwapo Ma-Issa watatu, nyapara akafuta Issa akabakiza Mchopa. Alipozinduka ilikuwa imekwisha. Mji mzima wa makuli, na mabaharia wa meli za mbali, walimjua kwa jina la mtu aliye hai.

"Unajua mwiko wetu," akasema. "Jina la aliye hai halibebwi. Ukilibeba, unamsukuma kaburini. Nikaogopa kurudi. Nilisema nikirudi, mtu akaniita hivyo mbele yake, nitakuwa nimemzika kwa mikono yangu. Nikakaa mbali ili aishi."

"Habari za kwetu ulizipataje, miaka yote?"

"Kwa magunia. Mwaka magunia ya ufuta yakija mepesi, najua mvua haikunyesha. Nikifungua korosho nikaona ndogo, najua mnahangaika."

Nilikuwa nimekuja na hasira, siwafichi hilo. Nilimwona mtu aliyetupwa na mji, aliyesahau mashimo ya kupandia aliyochimba na baba. Kumbe ndiye aliyekuwa akiitwa kwa jina la baba yangu kila siku mchana kutwa, na kila alipoitika moyo wake ulishtuka. Nililia pale mezani. Bi Zena aliondoa sahani bila kuuliza.

KURUDI

Issa aliomba ruhusa, tukapanda meli. Njiani nilimshawishi asiseme kitu. Wazee watamwita, ataitika, mama atatoka, na ya Dar es Salaam yabaki Dar es Salaam.

"Watanipaka unga juu ya uongo?" akauliza.

Lakini miji mikubwa haitunzi siri za watu wadogo. Stesheni ya Nachingwea, tunashuka na mizigo, dereva mmoja wa trekta aliyewahi kufanya kazi bandarini alikuwa amekaa juu ya pipa, anapiga mluzi ule wimbo wa santuri wa Kariakoo. Alimwona Issa, akaruka chini.

"Mchopa! Mchopa wa bandarini! Umefuata nini porini?"

Watu wa Ruangwa walikuwapo. Wengine walikuwa mazikoni kwa baba. Niliwaona wakigeuka, niliona mwanamke mmoja akiziba mdomo kwa kanga. Tulikosa gari siku ile na iliyofuata, tukala mikate mikavu kwenye baraza la duka. Maneno hayakukosa gari. Tulipopita Narung'ombe kuna watu waliotusalimu kwa mbali, na mawingu ya mashariki yalikuwa yamekua.

MLANGONI

Tulikuta wazee wameshaketi uwanjani mwa baba. Unga wa mtama ulikuwepo, umefunikwa. Mlango wa mbao za sanduku ulikuwa umefungwa, na nyuma yake alikuwa mama.

Baba mdogo Bakari hakumpa Issa mkono. "Tumesikia jambo," akasema. "Huko mjini ulikuwa unaitwa nani?"

Issa alipiga magoti. Alisema kila kitu, karani, nyapara, miaka aliyokaa mbali. Hakujitetea popote.

"Ulilibeba akiwa hai," baba mdogo akasema kwa uchungu, maana naye alimpenda kaka yake. "Unataka tukupe tena ulichokwisha kuchukua? Na kaka yangu je?"

Ndipo mama akasema kutoka ndani. Mjane wa msiba hasemi mbele ya baraza la wanaume. Sote tuligeuka kuutazama mlango.

"Bakari, shemeji yangu, nisamehe. Mume wangu kauawa na kifua chake. Mimi ndiye niliyelala naye akikohoa, na alianza kukohoa Issa bado anachezea vumbi hapo ulipokaa. Usimtafutie mwuaji Darisalama."

Kisha akaita.

"Issa."

"Naam, mama."

"Huko, walipokuita, uliitika?"

"Niliitika, mama. Kila siku."

"Uliibia nalo watu? Ulilewa nalo, ukalala nalo barabarani?"

"Hapana, mama. Niliogopa kulichafua. Nililifanyia kazi tu."

Mama akasema, "Basi mimi nimefungiwa humu kwa jina lililolala, na kumbe halikulala hata siku moja. Lilikuwa na mtu. Shemeji, niletee wembe. Mvua hiyo."

Kweli, matone ya kwanza yalikuwa yakiangukia vumbi. Baba mdogo alisimama, akamsogelea Issa. Kisha akafunua unga, akautia vidoleni, akampaka kwenye paji la uso. Mvua iliufanya kuwa uji, ukamtiririka Issa puani, na hakuna aliyecheka.

"Mchopa," baba mdogo akaita.

"Naam," akaitika, kama nilivyomsikia langoni mwa bandari.

Wanawake waliingia kumnyoa mama. Alipotoka alijifunika uso kwa mkono, maana mwanga ulimuumiza, akapita chini ya ubao wangu wa LONDON uliopinduka bila kuutazama, akachukua jembe ukutani.

Sasa ilibaki zamu yangu. Anayerithi jina anarithi na watoto. Issa ni mdogo kwangu kwa kuzaliwa. Nimempiga utotoni, nimemtania kwa mambo ambayo hayaandikwi, na nilijua nikilitamka neno linalotakiwa, sitamtania tena maisha yangu yote. Alikuwa bado amepiga magoti, akinitazama kama anayeniomba nichelewe kidogo.

Mimi ndiye niliyemfukia baba. Nilisogea, nikamshika mkono kumwinua kutoka kwenye matope.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

Alichelewa. Kisha akaitika.

"Marahaba, mwanangu."